Usiniombe Faili la Majibu

"Shikamoo mwalimu. Nimeitwa usaili wa mtandaoni Alhamisi. Kazi ni ya masoko ya kidijitali. Naomba unitumie ile PDF ya maswali na majibu."

Ujumbe huu naupata karibu kila wiki. Hubadilika jina la anayeandika na siku ya usaili, PDF haibadiliki. Unatoka Kahama, unatoka Geita, unatoka Kakola, na juzi umetoka hapa hapa Bugarama, kwa kijana ambaye angeweza kuja kuniuliza kwa miguu. Nimejibu kwa upole vya kutosha. Leo najibu hadharani ili nipumzike: PDF hiyo sina, sitaitafuta, na wewe uliyekwisha kuinunua ifute kabla haijakukosesha kazi.

Najua imani hii ilikozaliwa. Sote tumelelewa na mitihani ya NECTA. Ukipitia mitihani ya miaka kumi iliyopita na kushika namna ya kujibu, unafaulu, maana msahihishaji ana mwongozo mezani na kila hoja ina alama yake. Hata mchujo wa kuandika wa ajira za serikali una sura ya mtihani, na anayekariri huko sibishani naye. Lakini mwenye duka, hoteli au kampuni ya mikopo anayetafuta mtu wa kumtangazia biashara mtandaoni hana mwongozo wa kusahihishia. Ana hela yake mkononi na swali moja moyoni: huyu nikimpa, ataichoma?

Nililifungua mojawapo ya mafaili hayo, linauzwa shilingi 5,000 kwenye makundi ya WhatsApp. Swali la tatu linakutaka ueleze Google AdWords. Jina hilo Google wenyewe waliliacha Julai 2018, sasa ni Google Ads. Mbele kidogo unafundishwa kusoma ripoti za Universal Analytics, mfumo ulioacha kupokea takwimu mpya za tovuti za kawaida tarehe 1 Julai 2023, nafasi yake ikachukuliwa na Google Analytics 4. Halafu, na hapa nilicheka peke yangu, unashauriwa kumfungulia mteja ukurasa Google+. Mtandao huo ulifungwa kwa watumiaji wa kawaida Aprili 2019. Umetoa elfu tano kununua rambirambi.

Tuseme limesahihishwa. Bado ni sumu. Mwandishi wake hajui unaishi nchi gani. Kuna swali linauliza: "Una orodha ya namba 500 za wateja, utaitumiaje?" Faili linajibu: watumie wote ujumbe wa ofa mara moja. Jibu hilo kwa Tanzania linakumaliza. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Msaili makini anataka kusikia ukiuliza kwanza: namba hizi zilipatikanaje, na wenyewe walikubali kutumiwa matangazo? Kwa kuuliza tu hivyo umewapita wengi waliokutangulia asubuhi ile.

Na hao waliokutangulia wamenunua faili lilelile. Nimewahi kukaa kwenye jopo nikasikia wasailiwa watatu mfululizo wakisema udhaifu wao mkubwa ni kwamba wanapenda sana kazi kupita kiasi. Neno kwa neno. Wa tatu alipoanza sentensi, mwenzangu aliimalizia.

Kisha kuna macho. Usaili wa mtandaoni unakuweka uso kwa uso na kamera, na kamera haina aibu. Anayesoma majibu kwenye skrini macho yake hutembea kushoto kwenda kulia, yanarudi, yanashuka mstari. Aliyevaa miwani ndiyo kabisa, tunauona ukurasa wenyewe unang'aa kwenye vioo. Mtindo mpya ni kuiandikia ChatGPT swali wakati sisi tunasubiri. Msailiwa anaanza, "Aah, swali zuri sana hilo", analirudia swali polepole, tunasikia vidole vikigonga kibodi, halafu yule aliyekuwa akibabaika ghafla anaongea kwa vipengele vitano vilivyonyooka. ChatGPT sikatazi. Itumie usiku uliotangulia, ikuulize maswali magumu nawe ujibu kwa sauti. Ndani ya usaili iache, kwa sababu swali la pili huwa linatoka ndani ya jibu lako la kwanza, na la pili hutalijua.

Sasa nikuoneshe swali ninaloliuliza mimi. Naweka jedwali dogo kwenye skrini. Duka la buti za kazi na kofia ngumu, Kahama. Tangazo la Facebook na Instagram limekaa siku sita, limekula shilingi 60,000. Limefikia watu 21,000. Walioandika WhatsApp ni 18. Walionunua ni 4. Faida ya kila jozi, kabla ya kutoa gharama ya tangazo, ni shilingi 12,000. Tuendelee au tusimamishe?

Mkariri anaiona 21,000 na kuchangamka. Anasema tangazo limefanya vizuri, tuongeze bajeti, chapa izidi kuonekana. Huyo tunamshukuru kwa muda wake.

Wa pili anaomba dakika. Anagawanya 60,000 kwa 4, anapata 15,000 kwa kila mnunuzi. Faida ni 12,000, kwa hiyo kila jozi inayouzwa inatia hasara ya 3,000. Anasema tusimamishe. Huyu anafikiri, tunaandika jina lake.

Wa tatu anagawanya vilevile, halafu anauliza: "Wale 14 ambao hawakununua waliishia wapi?" Hapo nakaa vizuri kwenye kiti. Nafungua mazungumzo ya WhatsApp. Tisa waliandika kutoka Mbeya, Tanga na Dar es Salaam, wakauliza gharama ya kusafirisha mzigo, wakanyamaza. Tangazo lilielekezwa Tanzania nzima badala ya Kahama, Msalala na Geita. Tukikadiria kuwa nusu ya hela ilikwenda kwa watu wa mbali, basi wanunuzi wanne waligharimu 30,000, yaani 7,500 kila mmoja, na faida ya 4,500 ipo. Watano waliobaki walikuwa wa hapa hapa, lakini walijibiwa baada ya saa sita kupita. Mtu aliyetoka shifti mgodini akitaka buti za kesho hakungoji saa sita. Ananunua duka la jirani. Kumbe tangazo halina shida kubwa. Eneo lirekebishwe na simu ijibiwe.

Hakuna hesabu hapo inayozidi kugawanya. Lakini ni faili gani lingekupa jibu hilo?

Watu wa ukanda huu wa dhahabu hamkupaswa kufundishwa jambo hili. Hakuna mwenye akili zake anayekadiria mali kwa urefu wa rundo la viroba vya mawe kwenye karasha. Anauliza mawe yametoa gramu ngapi, na kuyasaga kumekula shilingi ngapi. Wale 21,000 ni rundo. Wale wanne ni gramu. Na nyinyi mnaonunua wafuasi elfu kumi ili mwajiri avutiwe na ukurasa wenu, mmejaza viroba kokoto za barabarani. Msaili anafungua posti yako ya mwisho, anakuta imependwa na watu tisa, wanne wakiwa ndugu zako, na usaili umekwisha bila wewe kuambiwa.

Basi ufanye nini? Haraka haraka.

Huna uzoefu? Utengeneze wiki hii. Tafuta mama lishe, fundi simu au mwenye nyumba ya wageni hapa Bugarama, omba ruhusa yake, weka shilingi 20,000 kwenye tangazo moja lenye kitufe cha WhatsApp. Andika ukurasa mmoja: ulitaka nini, ulitumia ngapi, walioandika wangapi, walionunua wangapi, ulikosea wapi. Hasara uliyoielewa ina thamani kuliko vyeti vitatu. Piga skrinishoti za dashibodi, ficha majina na namba za wateja.

Mchunguze mwajiri. Tazama kurasa zake, na fungua Meta Ad Library, ni bure, uone matangazo anayolipia sasa hivi. Nenda na kosa moja uliloliona na namna ya kulirekebisha. Liseme kwa adabu. Huenda aliyelifanya yumo kwenye jopo.

Saa. 9:00 AM ni saa tatu asubuhi. Usicheke, wapo walioingia saa tisa alasiri. Dubai wametutangulia saa moja. London wako nyuma yetu saa tatu wakati wa baridi yao na saa mbili wakati wa kiangazi chao. Uliza ni saa za wapi.

Mtandao na umeme. Bando la kutosha, laini mbili za kampuni tofauti, simu na kompyuta zimejaa chaji tangu usiku. Omba mapema namba ya simu ya kawaida ya mmoja wa wasaili: tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, kuwa na bando hakukumsaidia mtu. Zoom ya bure hukata mkutano ikifika dakika 40; ikikatika usipaniki, ingia tena.

Chumba. Kaa ukilitazama dirisha, usilipe mgongo. Kama unatumia simu, isimamishe kwenye vitabu, iwe usawa wa macho. Kimbia jirani mwenye karasha au jenereta, hata ikibidi kuazima ofisi ya mtu Kahama kwa saa moja. Badilisha jina la akaunti. Jopo halitaki kumsaili "Mtoto wa Mjini". Kabla ya kuonesha skrini yako, zima arifa za WhatsApp. Nimeshasoma ujumbe wa mkopeshaji wa mtu katikati ya usaili, na sikupenda.

Lugha. Tangazo la kazi likiwa la Kiingereza, jiandae kwa Kiingereza, ila uliza kama wateja ni wa Kiswahili. Wakikupa kuandika tangazo papo hapo, liandike kwa Kiswahili ambacho mnunuzi anakiongea.

Mshahara. Wakiuliza, taja kiwango, usiseme "chochote tu". Na ukidaiwa wewe ada ya usaili, ya fomu au ya kuhifadhiwa nafasi, kata simu. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unakataza wakala binafsi wa ajira kumtoza mtafuta kazi. Anayekudai hela ili akuajiri ameshapata kazi yake, nayo ni wewe.

Ukiwa na usaili Alhamisi na leo ni Jumatatu, zimebaki siku tatu. Zinatosha tangazo moja dogo. Niandikie tena, lakini usianze na PDF. Anza na ulitumia shilingi ngapi na ukapata wateja wangapi. Ujumbe wa namna hiyo nitaujibu usiku huohuo.