Jiji Lisilo na Mwenyeji

Ukiuliza watu wanafuata nini New York, utaambiwa majengo marefu, taa za Times Square na dola. Kwa mtalii wa wiki moja jibu hilo linatosha. Aliyekaa huko miaka kumi, anayelipa kodi ya nyumba inayommaliza na kugombea pa kusimama kwenye treni kila asubuhi, hayo majengo hayatazami tena, lakini hahami. Kinachomshika kinaonekana vizuri zaidi ukitoka Manhattan ukaingia Queens, moja ya wilaya tano zinazounda jiji hilo. Sensa ya 2020 ilihesabu huko watu 2,405,464, na karibu nusu yao walizaliwa nje ya Marekani. Wenye asili ya Amerika ya Kilatini ni kama asilimia 28, Waasia 27, Wazungu 23, Weusi 16. Hakuna kundi linalofikia hata theluthi. Wenyeji hasa wa ardhi ile, Walenape, waliondolewa karne nyingi zilizopita, na hakuna aliyefanikiwa kukikalia kiti chao peke yake. Sasa mahali pasipo na mwenyeji, mgeni ni nani? Nadhani mvuto wote wa jiji la namna hii umejificha kwenye swali hilo. Mtu anaamka, anakwenda kazini, anarudi, na hakuna mwenye haki ya kumwuliza amefika lini na ataondoka lini.

Treni namba 7 inalionyesha jambo hili kuliko kitabu chochote. Inatoka Manhattan, inapita chini ya mto, kisha inapanda juu ya nguzo za chuma na kwenda hivyo karibu mpaka Flushing, ikivuka Woodside ya Wafilipino na Waairishi, Jackson Heights ya Wabangladeshi, Wahindi na Wakolombia, Corona ya Wamexico na Waekwado, hadi mwisho wa reli kwa Wachina na Wakorea. Ukishuka Jackson Heights, kwenye kivuli cha reli kuna kina mama wanaogeuza arepa, zile chapati nene za mahindi zenye jibini, na hatua chache kutoka hapo, kwenye mkokoteni, Watibeti na Wanepali wanauza momo, ambazo Mswahili angeziita sambusa zilizopotea njia zikaishia kwenye mvuke badala ya mafuta. Treni ikipita juu hakuna anayesikika; mnunuzi anaonyesha vidole, muuzaji anahesabu. Mkokoteni ule wa momo ni jambo la kufikiriwa. Familia moja ya Kitibeti katika mji mdogo wa Ohio italazimika kula kinachouzwa, kusema kinachosemwa, na baada ya kizazi kimoja imekwisha. Watibeti elfu kadhaa wakiwa kituo kimoja cha treni kutoka kwa wenzao, wanatosha kumlisha mpishi, kumweka mtawa, na kumpa kazi wakili anayejua lugha yao. Shirika la Endangered Language Alliance, linalorekodi lugha zilizo hatarini, limehesabu zaidi ya lugha 600 New York, baadhi zikiwa na wasemaji wachache hata huko zilikotoka. Watu huogopa kwamba jiji kubwa litawameza watoto wao. Kwa kweli mji mdogo humeza haraka zaidi.

Haya hayakupangwa na mtu mwema. Jackson Heights yenyewe ilijengwa na kampuni moja mwanzoni mwa karne ya 20 kama mtaa wa watu wa kipato kizuri, wenye bustani katikati ya majengo, na Wayahudi na Weusi hawakuruhusiwa kupanga wala kununua. Sheria ya uhamiaji ya 1924 nayo iliwapa watu wa Ulaya ya kaskazini na magharibi sehemu kubwa ya nafasi na kuwafungia mlango karibu Waasia wote. Mlango ulifunguliwa tarehe 3 Oktoba 1965, Rais Lyndon Johnson alipotia saini sheria mpya chini ya Sanamu ya Uhuru, na wengi waliokuwapo siku ile hawakutarajia ingebadilisha sana sura ya nchi. Kisha jiji likaugua. Mwaka 1975 New York ilikaribia kufilisika, na kati ya 1970 na 1980 ilipoteza watu zaidi ya 800,000, wengi wao wakihamia viungani. Maduka yalifungwa, nyumba zikabaki tupu. Waliozijaza ni wale ambao sheria ya 1965 iliwaruhusu kuingia. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mwenyeji alihama kwanza, kisha mgeni akaja, na aliyepona ni jiji.

Vivyo hivyo, kuvumiliana huko hakukuanza kwa upendo. Mwaka 1657, Flushing ikiwa kijiji chini ya Waholanzi, gavana Peter Stuyvesant alipiga marufuku kuwapokea Wakweka, watu wa dhehebu moja la Kikristo, na wanakijiji wakamwandikia barua kumkatalia, ingawa wao wenyewe hawakuwa wa dhehebu hilo. Baadhi yao aliwakamata. Miaka michache baadaye akamfukuza nchini mkulima mmoja, John Bowne, kwa kuwaruhusu Wakweka wasali nyumbani kwake. Bowne alikwenda Amsterdam kushtaki kwa kampuni iliyomiliki koloni, na mwaka 1663 kampuni ikamwamuru gavana aache dhamiri za watu, kwa sababu ya kibiashara kabisa: koloni lilihitaji watu. Nyumba ya Bowne bado ipo, na kwenye barabara yenye jina lake leo kuna hekalu la Kihindu la Ganesha, ambalo chini yake kuna kantini ya dosa, zile chapati nyembamba za Kihindi, inayowavuta hata wasiosali hapo. Mambo yanayowafanya watu wa Queens waishi pamoja yana sura ileile kavu. Nauli ya treni ni moja, uende kituo kimoja au hamsini, na treni hazilali usiku. Zaidi ya nusu ya kaya za jiji hazina gari, kwa hiyo daktari na mfagiaji wanabanana behewa moja. Tangu 2015 shule za umma hufungwa Sikukuu za Idi, uamuzi uliotokana na hesabu ya viti vilivyobaki vitupu darasani sawa na ulivyotokana na heshima.

Wapo wanaopinga, na hoja zao si nyepesi. Mwaka 2007 Robert Putnam wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba katika maeneo ya Marekani yenye mchanganyiko mkubwa watu huaminiana kidogo zaidi, hata wale wa asili moja, na kila mtu hujirudisha ndani kama kobe. Yeye mwenyewe aliona hali hiyo ni ya kipindi. Naukubali utafiti, ila nauliza ni imani ya aina gani inayopimwa. Jane Jacobs, katika kitabu chake cha 1961 juu ya miji ya Marekani, alieleza mtaa wake wa Manhattan ambako watu walimwachia mwenye duka ufunguo wa nyumba ili mgeni wao auchukue. Mwenye duka hakuuliza mgeni huyo ni nani. Hawakuwa marafiki, wala hawakutaka kuwa. Aliyekulia uswahilini, ambako jirani hujua umepika nini kabla sufuria haijatoka jikoni, ataliona hilo kuwa baridi kali, na ana haki. Wazee wapweke wa New York wanaijua baridi hiyo. Lakini kuna binti aliyekimbia ndoa, kuna kijana aliyebadili dini, kuna mtu ambaye ukoo wake umemchoka. Kwa hao, jirani asiyeuliza ni neema.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: kukaa jirani si kukaa sawa. Ripoti ya 2014 ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, iliweka shule za jimbo la New York miongoni mwa zilizotengana zaidi kirangi nchini. Behewa ni moja, darasa si moja. Na nyumba ndiyo kidonda chenyewe. Takriban nusu ya wapangaji wa jiji hutumia zaidi ya asilimia 30 ya kipato kwa kodi, na uchunguzi wa 2023 ulikuta asilimia 1.41 tu ya nyumba za kupanga zikiwa wazi. Wasioweza hukodi vyumba vya chini ya ardhi, vingi bila kibali. Septemba 2021 mvua za kimbunga Ida zilipoingia, watu 11 walikufa kwenye vyumba hivyo, wengi wao Queens. Hapo sina jibu la kuifuta hoja. Naona tu kwamba lawama haiuangukii mchanganyiko: kodi inapanda kwa sababu wanaotaka kuishi huko ni wengi kuliko nyumba zinazojengwa. Wakazi wameelewa hivyo. Novemba 2025 walimchagua meya aliyezaliwa Kampala mwaka 1991, Zohran Mamdani, aliyekuwa mbunge wa jimbo kutoka Astoria, Queens. Alizungumza nao kwa lugha kadhaa, na ahadi aliyoitanguliza ilikuwa kwamba katika nyumba karibu milioni moja ambazo kodi yake inadhibitiwa na sheria, kodi haitapanda.