Uyoga wa Ugenini

Kila msimu wa uyoga unapofika Ulaya, hospitali hupokea aina ya wagonjwa ambayo sisi tunaosomea kuvu tunaifahamu vizuri na bado inatuuma. Ni watu wazima, wajuzi wa pori tangu utotoni, waliohamia nchi nyingine na kukutana huko na uyoga walioamini wanaujua. Mwaka 2015, Ujerumani ilipokuwa inapokea wakimbizi wengi kutoka Syria, Chuo Kikuu cha Tiba cha Hannover kilitoa maonyo kwa lugha kadhaa, Kiarabu kikiwamo, baada ya wageni kulazwa kwa kula uyoga wenye sumu. Mwanzoni mwa 2012 watu wawili walikufa Canberra, Australia, baada ya mlo wa mkesha wa mwaka mpya. Uyoga uliowaua, Amanita phalloides, ukiwa bado mchanga hufanana sana na uyoga wa majani ya mpunga unaopendwa na mamilioni ya watu Asia.

Sumu ya uyoga huo, amatoksini, haivunjwi na moto wala haibadilishi ladha ya mboga. Waliokula wakapona husimulia kwamba ulikuwa mtamu. Huchukua saa 6 hadi 24 kabla tumbo halijaanza kuuma, na kufikia hapo sumu imeshaingia kwenye ini na kuzuia kimeng'enya ambacho seli hukitumia kusoma maagizo ya jeni. Mgonjwa hutapika na kuhara, kisha hupata nafuu ya muda, familia ikashukuru Mungu. Katika nafuu hiyo ini linaendelea kufa.

Mtanzania au Mzambia aliyekulia kwenye misitu ya miyombo yumo katika hatari hiyohiyo, na pengine kubwa zaidi. Kwetu tunakula aina kadhaa za Amanita. Amanita zambiana, kwa mfano, ina kofia nyeupe au ya kahawia hafifu, pete kwenye shina na kifuko kwenye kitako, na ni chakula cha kuheshimika. Sasa mchukue mama wa Iringa, mtembeze Agosti katika msitu wa Finland, na mwonyeshe Amanita virosa: mweupe, wenye pete, wenye kifuko. Kila alama aliyofundishwa na mama yake itamwambia achume. Uyoga huo huua.

Nimelifikiria jambo hili kwa miaka mingi, kwa sababu ujuzi wangu wa kwanza niliupata kwa bibi yangu nyanda za juu kusini, na nilipokwenda Finland kusoma kuvu nilikuta msitu ambao nusu yake ulinifahamu na nusu yake ulinidanganya. Kuna sababu ya kibiolojia. Uyoga tunaouona ni tunda tu. Kuvu yenyewe ni mtandao wa nyuzi nyembamba chini ya ardhi, na katika misitu ya aina fulani nyuzi hizo huvika ncha za mizizi ya miti, zikaupa mti maji na madini, na mti ukazilipa kwa sukari. Misitu mingi ya Afrika ya kitropiki haina ushirika wa namna hii kwa wingi. Miyombo, mitondoro na mikusu inao. Misonobari na mibetula ya kaskazini mwa dunia nayo inao. Ndiyo maana uyoga wa njano unaouzwa kwa sado kando ya barabara kuu ya Iringa kwenda Mafinga, masika yakishika, una ndugu yake wa karibu kabisa, Cantharellus cibarius, katika masoko ya Helsinki. Na ndiyo maana kote kuwili utavunja kofia ya uyoga wa jamii ya maziwa na kuona maziwa yakidondoka. Majenasi ni yaleyale, lakini spishi ni nyingine, na sumu hukaa kwenye spishi.

Uhusiano huu umeandikwa vizuri. Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland, pamoja na mtaalamu wa mimea Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa mwaka 2003 kitabu kikubwa kuhusu uyoga wa Tanzania, wakitegemea sana maelezo ya wanavijiji, hasa wanawake na watoto, ambao ndio wachumaji. Kwangu kitabu hicho ni mfano wa safari ya heshima: wageni walikuja, wakauliza, wakasikiliza, wakaandika majina kama walivyoambiwa.

Mimi nilikwenda upande wa pili. Nililelewa Mlutheri, na nilipochoka na maabara nilianza kwenda monasteri ya Kiorthodoksi ya Valamo, huko Heinävesi, mashariki mwa Finland, kujitolea katika kazi za msaragambo: jikoni, bustanini, na msimu ukifika, msituni. Nilikwenda kutafuta utulivu wa roho, na nilikuta kwamba pale roho na uyoga ni mada moja.

Valamo ya asili ilikuwa visiwani katika Ziwa Ladoga, ziwa kubwa kuliko yote Ulaya. Vita vya Majira ya Baridi kati ya Finland na Umoja wa Kisovyeti vilipopamba moto, Februari 1940, wamonaki walivushwa kwa malori juu ya barafu ya ziwa, wakiokoa walichoweza, na baadaye wakanunua shamba huko Heinävesi wakaanza upya. Hawakuwa peke yao. Wakarelia, watu wa mashariki, zaidi ya laki nne walihamishwa kutoka maeneo yaliyochukuliwa na Wasovyeti, wakatawanywa Finland nzima. Pamoja na ng'ombe na vitanda vya watoto walibeba kitu ambacho wenyeji wa magharibi walikidharau: mazoea ya kula uyoga. Magharibi mwa nchi ile, uyoga ulihesabiwa kuwa chakula cha ng'ombe. Mashariki ulikuwa chakula cha mfungo.

Mwaka wa Kiorthodoksi umejaa mifungo. Kuna Jumatano na Ijumaa karibu kila wiki, Kwaresima, mfungo wa Mitume, siku arobaini kabla ya Krismasi, na mfungo wa Kulala kwa Mama wa Mungu, tarehe 1 hadi 14 Agosti. Siku hizo nyama, maziwa na mayai huachwa, na samaki pia kwa siku nyingi. Katika nchi ambayo ardhi imeganda nusu mwaka, mfungaji atakula nini? Kabeji, viazi, shayiri, matunda ya porini, na uyoga uliotiwa chumvi ndani ya mapipa ya mbao. Mfungo wa Agosti huangukia palepale uyoga unapoanza kutoka kwa wingi. Kanisa lilipowakataza watu nyama, liliwapeleka msituni, na kwa karne nyingi watu hao wakakusanya elimu ambayo jirani zao Walutheri hawakuwa na haja nayo.

Aliyenifundisha ni bibi mmoja wa familia ya wahamishwa wa Karelia. Nilimwita bibi kwa Kiswahili, akapenda. Alinikataza kugusa chochote mpaka nimtazame anavyofanya. Uyoga wake wa thamani ulikuwa jamii ya maziwa, ule mwekundu wa kahawia chini ya misonobari na ule wenye nywele pembezoni chini ya mibetula. Yote miwili ukiionja mibichi huchoma ulimi kama pilipili, na huo wa nywele humtapisha mtu. Aliichemsha kwa maji mengi, akamwaga maji, akasuuza, akapanga tabaka la uyoga na tabaka la chumvi, akaweka jiwe juu. Miezi ilipopita ulikuwa chakula kitamu, unaliwa na kitunguu, na krimu ikiongezwa siku zisizo za mfungo.

Mwezi Mei alinionyesha uyoga mwingine wa kustaajabisha, Gyromitra esculenta, wenye kofia iliyokunjamana kama ubongo. Mbichi unaweza kuua. Ndani yake mna gyromitrini, ambayo mwilini hugeuka kuwa kemikali ya jamii inayotumika katika fueli ya roketi. Wafini huuchemsha mara mbili, kila mara kwa maji mengi yanayomwagwa, madirisha yakiwa wazi kwa sababu hata mvuke wake una sumu, kisha huula kwa furaha kubwa. Sokoni huuzwa pamoja na maelekezo ya kuuandaa.

Wapo watakaoshangaa watu wa nchi tajiri wakila kitu cha namna hiyo. Mimi sikushangaa. Mihogo michungu ina sayanidi, na mahali ambapo njaa au haraka ilifupisha siku za kuiloweka na kuianika, watu wamepooza miguu kwa ugonjwa wa konzo, kama ilivyotokea Tarime na sehemu za Kongo. Kusini, Mtwara na Lindi, watu wanachimba ming'oko wakaichemsha na kuila bila wasiwasi, lakini ndiga, ambayo nayo ni kiazi kikuu cha porini, hukatwakatwa na kulowekwa siku kadhaa kabla haijagusa kinywa. Jamii iliyowahi kuona njaa hujifunza kuiondoa sumu kwenye chakula. Ujuzi huo umo mikononi mwa watu wa mahali fulani, na mikono hiyo inazeeka.

Kuhusu sala niseme kwa uangalifu. Wamonaki wa Valamo wanashika sala ya Yesu, ombi fupi la rehema linalorudiwa pamoja na pumzi, vidole vikisogea juu ya mafundo ya kamba ya sufu. Mwaka 1936, Abati Hariton, yuleyule aliyewaongoza wenzake katika uhamisho wa vita, alitoa mkusanyiko wa mafundisho ya wazee kuhusu sala hiyo. Mafundisho yake yanasisitiza kukesha: akili isimame mlangoni pa moyo, ilitazame kila wazo linalokuja kabla ya kulipokea. Nilijaribu nikiwa nachuma. Nilitembea polepole, ombi likirudi na kurudi, na niligundua kwamba nilianza kuuona msitu kwa namna ambayo hadubini hainipi. Mara nyingi mchumaji hudhuriwa na haraka, pale anapoona anachotamani badala ya kilichopo. Bibi alikuwa akiung'oa uyoga wote mpaka kitako, akaugeuza, akaunusa, akautazama tena, hata ule aliouchuma maisha yake yote. Ibada zilipoimbwa jioni niliwakumbuka Waorthodoksi wa Kagera, wa Kenya na wa Uganda, wanaoomba rehema ileile kwa Kiswahili na lugha zao. Sikubadili kanisa. Lakini ninafunga sasa, na ninafunga kwa sababu ya watu wale.

Ninasisitiza watu kwa sababu ipo njia nyingine ya kwenda ugenini kutafuta uyoga na roho, na madhara yake yanajulikana. Mwaka 1955 Gordon Wasson, mwanabenki wa New York, alifika Huautla de Jiménez, katika milima ya Oaxaca, Mexico, akaingia katika kesha la uponyaji la María Sabina, mganga wa Kimazateki. Uyoga ulioliwa katika kesha hilo huleta maono. Kwa Wamazateki ulikuwa wa mgonjwa, usiku, mbele ya anayejua kuongoza. Wasson alisema ana wasiwasi juu ya mwanawe, na kwa hoja hiyo akapokelewa. Mwaka 1957 alichapisha habari hiyo katika jarida la Life, jina la mganga likiwa limefichwa, lakini haikusaidia. Mwaka uliofuata mkemia wa Uswisi, Albert Hofmann, alitenga psilosibini, na katika miaka ya 1960 vijana wa Marekani na Ulaya walimiminika kijijini kutafuta Mungu bila kuumwa chochote. Polisi walimsumbua María Sabina, na nyumba yake ilichomwa moto. Alikufa mwaka 1985 akiwa maskini, na alikuwa amesimulia kwamba tangu wageni walipokuja, uyoga ulipoteza nguvu yake. Leo biashara ya safari za maono inakua, na kila ninapoona tangazo lake namfikiria yeye.

Finland nayo ina doa lake. Sheria na desturi humpa kila mtu, hata mgeni, haki ya kutembea msituni na kuchuma matunda na uyoga bila kumwomba mwenye ardhi ruhusa, mradi asiingie uani kwa mtu, asikanyage mazao, asichukue kuvumwani wala matawi. Ni haki nzuri kuliko nyingi nilizowahi kukutana nazo. Lakini kwa miaka mingi kampuni zilileta maelfu ya wachumaji kutoka Thailand chini ya kivuli cha haki hiyo, bila mkataba wa ajira, na kesi za usafirishaji haramu wa binadamu zimefika mahakamani. Ukarimu wa msitu ulitumiwa kuwanyima watu ujira.

Kwa msomaji anayeishi ughaibuni na ambaye moyo wake unamwasha mvua zinapokoma: tafuta chama cha wachumaji cha mahali ulipo, karibu kila nchi ya Ulaya kinapatikana. Uswisi, manispaa nyingi zina mkaguzi wa uyoga atakayekagua kikapu chako bure au kwa ada ndogo, na Ufaransa wapo wauza dawa wanaofanya hivyo. Mara ya kwanza chagua spishi moja tu, ujifunze pamoja na zile zinazofanana nayo, na ung'oe uyoga mzima na kitako chake, kwani kifuko kinachotambulisha Amanita hubaki ardhini ukikata juu. Tenga uyoga mmoja mbichi katika friji kila unapopika aina mpya. Mtu akianza kutapika saa nyingi baada ya mlo, mpeleke hospitali papo hapo na uyoga huo mkononi, na usikubali arudishwe nyumbani kwa sababu tu amepata nafuu siku ya pili.