Neno 'kami' lilivyowatatiza Wakristo nchini Japani

HABARI zinazohusu dini ya Shinto zinapotafsiriwa kwa Kiswahili, neno 'kami' aghalabu hugeuzwa kuwa 'mungu' au 'miungu'. Tafsiri hiyo ni nyepesi ulimini, lakini huficha suala ambalo limewashughulisha Wakristo nchini Japani kwa zaidi ya karne nne.

Jina Shinto lenyewe lina sehemu mbili: 'shin', yaani kami, na 'to', yaani njia. Shinto basi ni Njia ya Kami. Kami aweza kuwa nguvu iliyomo katika mlima, maporomoko ya maji, mti mkongwe au jua. Aweza pia kuwa binadamu aliyefariki. Sugawara no Michizane, msomi aliyefia uhamishoni mwaka 903, huheshimiwa hadi leo kama kami wa elimu, na wanafunzi humwomba kabla ya mitihani. Isitoshe, Kijapani hakilazimiki kutenganisha umoja na wingi wa nomino. Mtafsiri wa Kiswahili hana budi kuchagua kati ya 'Mungu' na 'miungu', Mjapani hachagui.

Majina ya mahali pa ibada nayo huchanganywa. Pa Shinto huitwa 'jinja', na hutambulika kwa lango liitwalo 'torii'. Baadhi ya zile zenye uhusiano na ukoo wa kifalme, kama ya Ise, huitwa 'jingu'. Nyumba ya ibada ya Wabuddha ni 'tera', na kanisa la Kikristo ni 'kyokai'. Kuziita jinja na tera zote 'hekalu' bila maelezo ni sawa na kumpeleka kanisani mgeni anayeulizia msikiti.

Ugumu wa kumpa Mungu jina ulianza mapema. Padri Francis Xavier, Mjesuti, alipofika Kagoshima mwaka 1549, alishauriwa na Anjiro, Mjapani aliyebatizwa Goa, atumie 'Dainichi'. Watawa wa madhehebu ya Shingon walimchangamkia, kwa kuwa hilo ni jina la Buddha wao mkuu. Xavier alipong'amua kosa hilo mwaka 1551, aliliacha neno hilo na kushika la Kilatini, 'Deus'. Wapinzani nao wakapata mzaha: walilitamka likasikika kama 'dai uso', yaani uongo mkubwa.

Baadaye Wakatoliki walitumia 'Tenshu', Bwana wa Mbinguni. Jina hilo lingali katika Oura Tenshudo, kanisa la Nagasaki ambamo mwaka 1865 Wakristo walioficha imani yao kwa vizazi kadhaa walijitambulisha kwa padri Mfaransa. Waprotestanti waliofika katika karne ya 19 walichagua 'Kami', na leo Wakatoliki pia hulitumia. Neno la kale lilitiwa maana mpya, jinsi 'Mungu', neno lenye asili ya Kibantu, lilivyopokewa na Waislamu na Wakristo wa Afrika Mashariki.

Hata hivyo, suala hilo halikuishia kwenye kamusi. Mwaka 1932 baadhi ya wanafunzi Wakatoliki wa Chuo Kikuu cha Sophia, Tokyo, walikataa kuinamisha vichwa katika jinja ya Yasukuni. Wizara ya Elimu ilieleza kwamba kuinama huko kulikuwa ishara ya uzalendo na utiifu. Mwaka 1936 Vatikani iliwaruhusu Wakatoliki kushiriki, ikikichukulia kitendo hicho kuwa wajibu wa kiraia.

Nchini Korea, iliyokuwa chini ya utawala wa Japani, wapo Wakristo waliokataa katakata. Mchungaji Ju Ki-chol aliona kuinama huko kuwa ibada ya sanamu. Alifia gerezani Pyongyang mwaka 1944. Kitendo kilikuwa kimoja. Kilichotofautiana ni jina: 'heshima ya raia' kwa huyu, 'ibada' kwa yule.

Desemba 1945, majeshi yaliyoikalia Japani baada ya vita yaliamuru Shinto itenganishwe na serikali. Lakini utata haukwisha. Katika Yasukuni, zaidi ya watu milioni 2.4 waliokufa vitani huheshimiwa kama kami, na mwaka 1978 waliongezwa viongozi 14 walioshtakiwa kama wahalifu wakuu wa vita. Ndiyo sababu Uchina na Korea Kusini zililalamika Junichiro Koizumi alipozuru mahali hapo kati ya 2001 na 2006 akiwa waziri mkuu, na tena Shinzo Abe alipofanya vivyo hivyo Desemba 2013.

Anayeripoti kwamba kiongozi 'alizuru makaburi' ya Yasukuni atakuwa amekosea, kwa kuwa hakuna miili iliyozikwa pale. Anayeripoti kwamba 'aliabudu miungu' atakuwa amekwisha kutoa hukumu. Lililo salama ni kuliacha neno 'kami' lilivyo, kisha kumweleza msomaji maana yake.