Mitambo mipya ya kupambana na moto wa nyika, na makaa yanayojificha ardhini

MNAMO Januari 1, 2025, wazimamoto wa Los Angeles, Marekani, waliudhibiti moto uliokuwa umeteketeza takriban ekari nane za vichaka milimani, karibu na mtaa wa Pacific Palisades. Siku sita baadaye, upepo mkali ulipovuma, mtaa huo ukawaka. Mnamo Oktoba mwaka huo waendesha mashtaka wa serikali kuu walieleza kwamba huo haukuwa moto mpya. Makaa ya ule wa kwanza yalikuwa yakifukuta chini ya ardhi, katika mizizi ya mimea, hadi upepo ulipoyafufua.

Moto huo, pamoja na mwingine wa Eaton uliozuka siku iyo hiyo, uliwaua watu wasiopungua 30 na kuharibu majengo zaidi ya 16,000. Yote hayo yalitukia California, jimbo ambalo limejizatiti kwa mitambo ya kisasa ya kupambana na moto.

Jimbo hilo lina kamera zaidi ya 1,000 zilizotundikwa vileleni, chini ya mradi wa ALERTCalifornia unaoendeshwa na Chuo Kikuu cha California, San Diego. Kamera hizo huzunguka na kutazama pande zote, na mchana usio na ukungu huweza kuona umbali wa kilomita 96. Tangu 2023, programu ya akili unde huzichunguza picha zake ikitafuta moshi, kisha afisa wa zamu huthibitisha iwapo ni moshi kweli au ni vumbi tu. Katika miezi miwili ya kwanza, mfumo huo ulitambua mioto 77 kabla ya mwananchi yeyote kupiga simu ya dharura.

Mahali pasipo na kamera, kazi huachiwa setilaiti. Zile za Marekani zinazotumika kwa sasa, ambazo takwimu zake hutolewa bila malipo hata kwa walinzi wa misitu ya Mlima Kenya na Aberdare, huhisi joto la moto kutoka angani. Kasoro yake ni kwamba kila moja hupita mahali pamoja takriban mara mbili tu kwa siku, na katika saa hizo kijimoto huwa kimekwisha kuwa janga. Ndiyo maana Machi 2025 ilirushwa setilaiti ya kwanza ya mradi wa FireSat. Lengo ni kuwa na zaidi ya 50, zitakazokagua dunia kila baada ya dakika 20 na kutambua moto wenye ukubwa wa mita tano kwa tano, yaani kama chumba cha kawaida.

Lakini kuuona moto si kuuzuia. Unyunyu mwekundu unaomwagwa na ndege, ambao wengi wameuona katika runinga, haukusudiwi kuzima miali. Humwagwa mbele ya moto, juu ya nyasi ambazo bado hazijashika. Ndani yake mna chumvi za fosfeti, jamii moja na mbolea ya DAP anayoijua kila mkulima wa mahindi. Joto linapofika, chumvi hizo huyafanya majani yageuke kuwa masizi na mvuke badala ya kutoa gesi inayowaka. Dawa hiyo ikiangukia mtoni huua samaki, na mwaka wa 2023 mahakama moja ya Marekani iliamua kuwa kuimwaga majini bila kibali ni kuvunja sheria, ingawa haikuipiga marufuku.

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, nao wataalamu wamewasikia. Siku hizi droni hudondosha vitufe vya plastiki vinavyotoshana na mpira wa tenisi ya mezani, vyenye kemikali inayojiwasha muda mfupi baada ya kudungwa glikoli. Vitufe hivyo huteketeza vichaka mapema, ili moto mkubwa ukifika usikute cha kula. Awali kazi hiyo ilifanywa na watu kwa miguu au kwa helikopta, na wengine waliipoteza roho.

Usiku wa Januari 7, 2025, upepo wa hadi kilomita 160 kwa saa ulizilazimu ndege kutua. Cheche zilipeperushwa kutoka paa hadi paa, zikaruka barabara pana ambazo zingetarajiwa kuukata moto. Kamera ziliuona moshi, ila kilichobaki cha kufanya kilikuwa kuwahamisha watu.

Kuhusu makaa ya Januari 1, kifaa cha kuyasaka kipo: kamera ya kuhisi joto, inayoshikwa mkononi au kubebwa na droni. Hata hivyo, hiyo nayo huona joto lililofika juu ya udongo tu. Lililozama katika mizizi hupatikana kwa jembe, maji na kiganja cha mzimamoto anayepapasa ardhi hatua kwa hatua, siku kadhaa baada ya moshi kutoweka.