Vyombo vya Umeme Katika Mashua Ndogo: Viwekwe Wapi?

Mashua ndogo ya safari, yaani ile yenye urefu wa mita 9 hivi, ina chumba kimoja au viwili tu, ambamo watu hulala, hupika na kuweka akiba ya maji. Humo humo nahodha hutakiwa kupata mahali pa redio, kipokezi cha setelaiti na betri. Aghalabu kila chombo hufungwa palipo wazi. Lakini si kila palipo wazi panafaa, na kanuni zinazoamua jambo hili ni zile zile zinazofundishwa katika shule za sekondari.

Tuanze na dira. Mwaka 1820 Hans Christian Oersted, mwanasayansi wa Denmark, aligundua kwamba waya unaopitisha mkondo wa umeme hugeuza sindano ya dira. Waya mrefu ulionyoka wenye mkondo wa ampea 5 huzalisha, katika umbali wa sentimita 10, uga wa sumaku wa mikrotesla 10. Uga wa dunia katika pwani yetu ni kati ya mikrotesla 30 na 35 tu. Kwa hiyo waya huo waweza kuipotosha dira kwa digrii 10 au zaidi. Kosa la digrii 10 katika safari ya maili 30 humtoa nahodha njiani kwa maili 5, na usiku umbali huo watosha kumpandisha mwambani.

Dawa yake ni rahisi. Waya wa kwenda na waya wa kurudi visokotwe pamoja. Kwa kuwa mikondo yake huelekea pande zilizo kinyume, uga wa mmoja hufuta uga wa mwingine. Kipaza sauti cha redio nacho kina sumaku ya kudumu. Uga wa sumaku ndogo hupungua kwa kipeo cha tatu cha umbali: umbali ukiongezwa mara mbili, nguvu iliyobaki ni kama sehemu moja ya nane. Basi kukisogeza kipaza sauti kutoka sentimita 30 hadi 60 ni faida kubwa.

Pili, antena. Mawimbi ya redio ya VHF husafiri karibu katika mstari ulionyooka, kwa hiyo huzuiwa na mviringo wa dunia. Upeo wake kwa kilomita ni takriban 4.1 mara kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita. Antena iliyo mita 1 juu ya maji ina upeo wa kilomita 4. Iliyo mita 9 mlingotini, kilomita 12. Upeo wa antena ya anayesikiliza huongezwa juu ya huo. Setelaiti za kuonyesha mahali ziko umbali wa kilomita 20,000 hivi, kwa hiyo mita 9 hazibadilishi kitu kwazo. Kipokezi chake chahitaji kuiona mbingu wazi tu. Basi kilele cha mlingoti kiachiwe redio, na kipokezi kikae chini, upande wa tezi.

Tatu, betri. Redio ya wati 25 inapotuma ujumbe hutumia kiasi cha ampea 5. Ikiwa iko mita 6 kutoka kwenye betri, umeme husafiri mita 12, kwenda na kurudi. Waya wa shaba wenye unene wa milimita 1 ya mraba utapoteza volti 1 kati ya 12. Wenye milimita 2.5 za mraba, volti 0.4 tu. Redio iliyopungukiwa na umeme hudhoofika wakati ule ule wa kuita msaada.

Mwisho, maji ya chumvi hupitisha umeme na kuila shaba. Chombo kisiwekwe karibu na ngama, na waya wake upinde kuelekea chini kabla ya kuingia chomboni, ili matone yadondoke hapo.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo la kwanza darasani kwa dira, betri ya tochi na waya. Uunganishe kwa nukta chache tu, kwani hupata moto upesi. Wanafunzi wapime kwanza mpotoko wa sindano karibu na waya mmoja, kisha waukunje waya huo, wausokote na kupima tena. Tofauti watakayoiona ndiyo inayomwokoa nahodha.