KIZUNGUZUNGU CHA SIKIO HAKIPONI KWA KULALA

Mtu wa Kitengela au Kajiado akishikwa na kizunguzungu, nyumba ikawa kama inazunguka, desturi ni kumlaza na kumkataza asijitikise. Siku moja au mbili si neno. Lakini kizunguzungu kikiwa chatoka sikioni, kulala siku nyingi humchelewesha kupona.

Ndani kabisa ya sikio mna vijifereji vitatu vyenye maji, viarifuvyo ubongo kila kichwa kigeukapo. Sikio moja likidhurika, ubongo hupokea habari zisizopatana, na mgonjwa hutegemea macho na nyayo zake. Ndiyo sababu mchungaji aweza kutembea vema mchana, lakini gizani, penye mawe, akapepesuka, hata watu wakamsingizia ulevi.

Katika miaka ya 1940 huko Uingereza, Terence Cawthorne na F. S. Cooksey walitunga mazoezi ya wagonjwa kama hao: kukazia kidole macho huku kichwa kikigeuzwa kushoto na kulia, polepole kisha upesi, kuketi na kusimama, kutembea macho yamefumbwa, msaidizi akiwa karibu. Mwanzoni kizunguzungu huzidi kidogo. Mgonjwa asiache kwa ajili hiyo, maana ndivyo ubongo ujifunzavyo upya, nayo ni kazi ya majuma kadhaa.

Iko namna nyingine, imjiayo mtu ageukapo kitandani, nayo haitimizi dakika moja. Hutokana na vipande vidogo kama chokaa vilivyoangukia vijifereji. Mganga aliyefundishwa huvirudisha mahali pake kwa kugeuza kichwa kwa utaratibu wa Daktari John Epley wa Marekani, na wengi hupona upesi.

Lakini kizunguzungu kikija pamoja na ulimi mzito au mkono kulegea, mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile.