Naviundu: mashika huua watoto wa sungura, si mama yao

Mwezi wa sita ukiingia, mfugaji wa sungura wa Naviundu, komini ya Annexe hapa Lubumbashi, anajua habari inayoweza kumkuta asubuhi yoyote: mama amezaa vizuri usiku, watoto saba au nane, na kumekucha wote wamekufa kwa baridi. Mwezi mzima wa kulisha umekwenda bure, pamoja na pesa za shule zilizokuwa zinahesabiwa juu ya watoto hao.

Mji wetu uko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Mchana wa mwezi wa sita na wa saba jua huwa zuri, digrii 25 hivi, lakini alfajiri joto hushuka chini ya digrii 10. Viwanja vilivyo karibu na mto Naviundu huumia zaidi, kwa sababu hewa ya baridi ni nzito, huteremka na kutulia bondeni. Mwenye kiwanja cha mteremko aweke kibanda upande wa juu.

Sungura mkubwa haogopi mashika. Akiwa mkavu na ameshiba, manyoya yake yanamtosha. Kinachomshinda ni maji, na upepo unaompiga moja kwa moja. Mtoto ni jambo jingine. Huzaliwa uchi, macho yamefungwa, na ndani ya kiota anahitaji joto la digrii 30 au zaidi. Wengi hufikiri mama huwalalia kama kuku na vifaranga. Hapana. Mama sungura huingia kunyonyesha mara moja tu kwa siku, dakika chache, kisha anatoka. Saa zote zinazobaki watoto hupashana joto wenyewe, chini ya manyoya ambayo mama amejing'oa.

Kwa hiyo, kama pesa ni kidogo, anza na sanduku la kuzalia kabla ya kufikiria kuta. Liwe la mbao kavu, urefu sentimita 40 hadi 45, upana 25 hadi 30, na ukingo wa mlangoni wa sentimita 15 hivi. Ukingo huo una kazi kubwa: mtoto aliyeng'ang'ania ziwa huburutwa nje mama anapotoka, na akiangukia kwenye wavu mama hamrudishi, maana sungura habebi watoto kwa mdomo kama paka. Toboa matundu madogo chini ili mkojo upite, kisha jaza nyasi kavu laini. Nyasi hizo zikatwe mwezi wa nne au wa tano, kabla ya moto wa pori kuzimaliza. Mimba ni siku 31 hivi. Sanduku liingie siku ya 28. Likiingia mapema zaidi, mama huligeuza choo.

Sasa kibanda chenyewe. Vitabu kutoka Ulaya vinasema kitazame kusini, na kwa Ulaya ni sawa. Sisi tuko kusini ya ikweta: wakati wa mashika jua letu hupita upande wa kaskazini, na upepo hutoka kusini-mashariki. Ukifuata kitabu, utakuwa umewafungulia sungura mlango wa kivuli na upepo. Huku upande wa wavu utazame kaskazini. Mgongo na ubavu wa mashariki zibwe kwa mbao, au kwa matofali ya udongo wa kichuguu, ambayo huhifadhi joto la mchana.

Chini ya paa acha nafasi ya hewa. Hapa ndipo watu wanapokosa, wanafunga kibanda chote kwa plastiki. Mkojo wa sungura hutoa hewa kali inayoharibu mapafu. Ukiinama mbele ya kibanda asubuhi na macho yakakuwasha, wao wameivuta usiku kucha. Manjanja matupu nayo hutoa jasho alfajiri, likawadondokea. Tandaza nyasi juu yake na zitakusaidia pia mwezi wa kumi, jua likiwa kali.

Kuna wanaoogopa wezi, wakaingiza sungura jikoni na kuwaachia mbabula inawaka. Makala ndani ya chumba kilichofungwa hutoa sumu isiyo na harufu, inayoua sungura na watu pia. Afadhali kufuli, na kibanda karibu na dirisha la chumba cha kulala.

Mwingine atasema: basi tusipandishe wakati wa mashika. Lakini joto la mwezi wa tisa na wa kumi, likipita digrii 30, hudhoofisha mbegu za dume kwa wiki kadhaa. Ukiongeza na miezi ya mashika, mwaka wa kuzalisha unabaki mfupi sana.

Chungulia sanduku kila asubuhi. Mama aliyekuzoea hatakataa watoto kwa sababu umewagusa. Ukikuta mtoto amepoa, usimtupe haraka. Mweke kifuani chini ya nguo mpaka aanze kujinyonganyonga, kisha mrudishe katikati ya wenzake.